Ukishakufa utausemea kwa mdomo gani?

Najua nilipotea. Nilikuwa Oldeani kwa baba mkubwa, na anayeijua barabara ya kule wakati wa kiangazi ataelewa nikisema nimerudi na vumbi jekundu mpaka ndani ya soksi. Sikwenda kutembea. Nilikwenda na karatasi moja, nimeikunja mara mbili na kuitia kwenye daftari, nikitaka mzee aisaini.

Niwape chanzo chake. Binti wa shangazi yangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Nilijitolea kumpa figo, nikapimwa, na majibu yakaja kwamba damu zetu haziendani. Siku ile nilirudi nyumbani nimenywea kama niliyefeli mtihani. Ndipo nikaandika ukurasa mmoja: nikifa, figo zangu na macho yangu apewe yeyote anayeyahitaji, na mwili uliobaki upelekwe chuo cha udaktari wanafunzi wakajifunzie. Nikaweka jina, tarehe na sahihi. Zikabaki nafasi mbili za mashahidi.

Baba mkubwa aliisoma polepole, akaivua miwani, akaisoma tena. Halafu akaniuliza ruhusa hii nimeipata kwa nani. Nikamjibu kwa kiburi cha mtu aliyesoma kwamba mwili ni wangu. Akanitazama kwa huruma kidogo.

"Ukiwa hai, ndiyo, ni wako. Ukishakufa utausemea kwa mdomo gani?"

Sikuwa na jibu. Nilitoka nje nikakaa kwenye gogo, mlima Oldeani uko juu yangu, nikijiambia kwamba huu ni ushamba tu na kwamba sheria iko upande wangu. Niliporudi mjini nikaanza kusoma. Wandugu, sheria haikuwa upande wangu. Ilikuwa upande wa baba mkubwa, tena kwa miaka mingi.

Chanzo chake kiko Uingereza. Palikuwa na bwana mmoja akiitwa Henry Crookenden, aliyeacha maagizo ya maandishi kwamba akifa mwili wake akabidhiwe rafiki yake, Eliza Williams, auchome moto. Alipokufa, mwaka 1875, ndugu zake wakamzika kama Wakristo wengine. Yule mama hakukata tamaa. Alipata kibali cha kufukua kwa kusema kwamba anataka kuuzika mahali pengine, kisha akausafirisha mwili mpaka Milan, Italia, na kuuchoma huko kama rafiki yake alivyotaka. Aliporudi akadai mahakamani arudishiwe gharama zake kutoka kwenye mirathi. Mwaka 1882 Jaji Kay akamwambia hapana. Maiti si mali, alisema, na kisicho mali hakirithishwi kwa wosia. Mwenye haki ya kuushika mwili mpaka uzikwe ni msimamizi wa mirathi. Matakwa ya marehemu kuhusu mwili wake hayamlazimishi mtu yeyote.

Mtaniuliza hukumu ya London ya 1882 inatuhusu nini sisi wa Karatu. Inatuhusu. Waingereza walipoikabidhiwa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza walitangaza kwamba mahakama za hapa zitafuata sheria ya kimazoea ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Tarehe hiyo imo mpaka leo kwenye sheria zetu, Sura ya 358. Kwa hiyo kanuni ya Jaji Kay ilipanda meli na kushuka Dar es Salaam bila yeyote kuiona, kama panya kwenye magunia.

Cha kushangaza ni jinsi inavyofanana na maneno ya mzee wangu, ambaye hajawahi kumsikia Crookenden. Wote wawili wanasema marehemu hana sauti. Wanachotofautiana ni nani aliyebaki na sauti hiyo. London wanasema ni msimamizi wa mirathi, au yule anayeushikilia mwili kihalali. Oldeani wanasema ni ukoo.

Na neno hilo "anayeushikilia" lina historia chafu. Mwaka 1828 pale Edinburgh, Burke na Hare waliua watu 16 na kuwauza maiti kwa daktari aliyefundisha upasuaji. Bunge la Uingereza likashtuka, na mwaka 1832 likatunga sheria iliyoruhusu shule za udaktari kupata maiti ambazo hakuna aliyejitokeza kuzichukua. Hao walikuwa akina nani? Maskini waliofia kwenye nyumba za kulelea fukara. Aliyeushikilia mwili alikuwa msimamizi wa nyumba, na ruhusa ilikuwa yake. Maskini alipaswa kukataa mapema mwenyewe, au awe na ndugu wa kumkatalia.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu hapa jambo hilo lilifanyika bila hata kusumbuka kutafuta sheria.

Ukisimama kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani na kutazama kusini magharibi, unaona bonde linaporomoka mpaka Ziwa Eyasi. Mashamba haya mengi yalianzishwa na Wajerumani waliorudi Tanganyika baada ya Waingereza kuwaruhusu tena mwaka 1925. Babu yangu alichuma kahawa yao. Katika miaka hiyohiyo ya 1930 daktari mmoja wa Kijerumani, Ludwig Kohl-Larsen, mwanachama wa chama cha Nazi, alipiga kambi kule chini ziwani. Mwaka 1935 aliokota vipande vya fuvu la kale karibu na ufuo. Mke wake Margit alichimba pango la Mumba, upande wa Mang'ola, na katika tabaka za juu yakatoka makaburi ya watu. Mifupa ikaenda Ujerumani, na wataalamu wa huko walikuwa bado wanaandika juu yake miaka ya 1980.

Upande wa pili wa mlima, kule Olduvai, mwingine alitangulia. Mwaka 1913 mtaalamu wa miamba kutoka Berlin, Hans Reck, alikuta kiunzi kizima cha mtu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Alidhani amempata binadamu wa kale kupita wote. Wenzake walibishana naye karibu miaka 20, mpaka ikakubalika kwamba yule hakufia pale ziwani zamani za zamani. Alizikwa. Watu walichimba shimo katika tabaka la kale zaidi, wakamkunja vizuri na kumfukia. Kwa maneno mengine, bishano lote la kisayansi liliisha kwa kugundua kwamba marehemu alikuwa na ndugu.

Najua kuna atakayesema hiyo ni mifupa ya maelfu ya miaka, ruhusa ungemwomba nani? Swali zuri. Lakini mikono ileile haikuishia kwenye mifupa ya kale. Felix von Luschan wa makumbusho ya Berlin aliwaandikia maofisa na madaktari wa makoloni mwongozo wa jinsi ya kukusanya vitu vya watu, na mafuvu yakamiminika kwake kutoka kila upande. Tarehe 2 Machi 1900, Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli pamoja na viongozi wengine, jumla watu 19. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Isaria Meli, amekitafuta kwa miongo mingi.

Taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilipochunguza sehemu ya makusanyo hayo, ilikuwa na mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na jirani zake. Zaidi ya 900 ni ya Rwanda, zaidi ya 200 ni ya kwetu. Septemba 2023 walitangaza kwamba vinasaba vya mafuvu matatu vimelingana na vya watu walio hai hapa Tanzania. Moja lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na ni la mshauri wa Mangi Meli. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwamo.

Hebu tuliangalie jambo hili taratibu. Wajukuu walitoa mate yao kwa hiari, kwa kusaini fomu, ili apatikane babu ambaye hakuna aliyesaini chochote kwa ajili yake. Ridhaa ilifika, ila imechelewa zaidi ya miaka mia moja, na imeingilia mlango wa nyuma.

Na kuna la Mkwawa, ambalo shuleni tulilisoma juujuu tu. Alijipiga risasi Julai 1898 ili asikamatwe, Wajerumani wakachukua kichwa. Mwaka 1919 fuvu lake likaingia kwenye Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246: Ujerumani ilitakiwa kulikabidhi katika miezi sita. Tulifundishwa kujivunia hilo. Lakini soma kifungu chenyewe kinasema likabidhiwe kwa nani. Serikali ya Mfalme wa Uingereza! Wahehe hawakutajwa kama wapokeaji. Mkataba mkubwa kuliko yote wa wakati ule ulijadili kichwa cha babu wa watu, na uliyempa mamlaka ya kukipokea ni mtu wa tatu. Ilichukua mpaka tarehe 19 Juni 1954 ndipo Gavana Twining, akiwa amelichagua kwenye makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya jamaa walio hai, akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa pale Kalenga.

Kwa hiyo baba mkubwa anapoikunja karatasi yangu na kuuliza ruhusa imetoka wapi, hana ushamba wowote. Anatoka kwenye nchi ambayo ruhusa ilitolewa siku zote na mtu mwingine.

Waingereza waliandika kosa hilo kwenye Kanuni ya Adhabu ya 1930, na tunalo mpaka leo: ni jinai kufukua, kupasua au kudhuru maiti bila mamlaka halali. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. "Mamlaka halali." Hayasemi ni ya nani. Majirani zetu Wadatoga wana desturi ya kumzika mzee mwenye heshima kwa kujenga kilima juu ya kaburi, kazi ya miezi mingi ambayo koo nzima hushiriki. Kule Hanang, mashamba ya ngano ya serikali yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada yalipita na trekta juu ya makaburi ya namna hiyo. Dereva wa trekta alikuwa na mamlaka? Kwa karatasi alizokuwa nazo, nadhani angekwambia ndiyo.

Sasa twende Kenya, kwa sababu huko ndiko swali hili lilipopelekwa mahakamani mchana kweupe, redio zikiwa wazi. Silvano Melea Otieno, wakili maarufu wa Nairobi, Mjaluo, alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe Wambui, Mkikuyu, alitaka kumzika kwenye shamba lao Upper Matasia, Ngong. Kaka wa marehemu na ukoo wa Umira Kager wakasema atazikwa Nyalgunga, Siaya, kwa baba zake. Wambui alieleza kwamba mume wake mwenyewe alisema anataka Matasia. Mashahidi wa upande wa pili wakasema yao. Kesi ikapanda na kushuka huku mwili uko mochwari kwa zaidi ya siku 150. Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo ushindi, na tarehe 23 Mei akazikwa Nyalgunga.

Mtu alikuwa wakili! Maisha yake yote alikula kwa kuandika karatasi za watu wengine, na la kwake juu ya mwili wake lilibaki maneno ya mdomo, wakaligombania walio hai. Hata hivyo tusijidanganye kwamba karatasi ingetosha. Majaji wa Kenya wamekuwa wakisema matakwa ya marehemu yaheshimiwe inapowezekana, ila hayafungi mikono ya mtu. Jaji Kay tena. Wambui alifariki mwaka 2011 na kuzikwa palepale Matasia, alikotaka walale wote wawili.

Mpaka hapo tunazungumzia kuzika tu. Viungo vikoje? Kenya ilitunga sheria yake ya tishu za binadamu mwaka 1966, kwa kufuata ile ya Uingereza ya 1961. Ilimruhusu mtu aseme kwa maandishi, au kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili akiwa kwenye ugonjwa wake wa mwisho, kwamba mwili wake utumike. Lakini tazameni ilivyoandikwa: baada ya kifo, anayeushikilia mwili kihalali "anaweza" kuruhusu. Anaweza. Hajalazimishwa. Na kama marehemu hakusema lolote, inatosha jamaa yeyote aliyebaki apinge. Jamaa yeyote! Aliyeandika maneno hayo hakuwahi kuhudhuria msiba wa kwetu. Jamaa yeyote ni kata nzima.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 ilijaribu kupanga foleni. Kama marehemu hakuacha neno, anayeweza kutoa ni mwenzi wake, kisha mtoto mkubwa, mzazi, mlezi, halafu kaka au dada mkubwa, kwa mpangilio huohuo. Mke amewekwa mbele. Ukikumbuka Wambui miaka 30 kabla, utaona hiyo si foleni ya kawaida. Baba mkubwa hayumo kabisa kwenye orodha, na nilipomsomea kwa simu alicheka mpaka akakohoa. Uganda nao wana sheria yao ya kuchangia na kupandikiza viungo ya mwaka 2023.

Kwetu Muhimbili walipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, wakisaidiwa na madaktari kutoka India, na hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ikafuata mwaka 2018. Figo zile zilitolewa na ndugu walio hai. Hiyo ndiyo njia ambayo familia zetu zinaielewa bila mwanasheria: mtu mzima amekaa kwenye kiti, anaulizwa, anajibu mwenyewe kwa mdomo wake. Binti wa shangazi bado anamsubiri mtu wa namna hiyo. Wawili wamepimwa baada yangu.

Nilirudi Oldeani wiki iliyopita, karatasi ileile. Safari hii sikumwambia mzee kwamba mwili ni wangu. Nilimsimulia habari za Berlin, za yule Akida, za mate ya wajukuu. Alisikiliza akichokonoa udongo kwa fimbo. Bibi alikuwa mlangoni anachambua maharage, nikidhani hasikii.

"Hao wa Berlin wamesharudi?" aliuliza mzee.

Nikamwambia nilichosoma ni kwamba wamejulikana ni wa nani. Kurudi ni mazungumzo mengine.

Akachukua kalamu yangu. Akaweka kidole kwenye mstari wa figo na macho, akasema hayo watoe, mtoto wa dada yake yuko kwenye mashine na hawezi kukataa kitu kinachomfaa mtoto wa mtu. Kisha akateremsha kidole mpaka kwenye mstari wa chuo cha udaktari. Hapo akatikisa kichwa. Mwili urudi, alisema. Wachukue wanachochukua, lakini siku ya tatu mwili uwe hapa.

Nikaanza kubishana, kwamba madaktari hao wa kupandikiza figo nao lazima wajifunzie kwenye mwili wa mtu. Bibi akaingilia kati bila kuinua macho kwenye ungo.

"Mume wangu, wewe unataka kutoa. Na mimi nizike nini?"

Nilikata ule mstari. Sijaamua bado kama nilikubali au nilishindwa, na sioni aibu kuwaambia hivyo. Baba mkubwa akasaini nafasi ya kwanza. Bibi hajui kuandika, tukapaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba chake, akakandamiza nafasi ya pili na kuacha alama iliyochafuka kidogo upande mmoja. Nakala moja iko kwenye daftari langu. Nyingine mzee ameiweka ndani ya Biblia yake, pamoja na stakabadhi za kahawa.